Akautua Mzigo

Siku ya kwanza kazini sikupewa kitabu, nilipewa sabuni. Nilikuwa nimefika Lindi jana yake kutoka Kilwa Kivinje, nimelala kwa shangazi, nimevaa shati lililopigwa pasi hadi likaanza kung'aa, na barua ya ajira iko mfukoni. Mkutubi wa Mkoa, aliyekuwa mkuu wa maktaba yetu, hakuiomba barua. Aliigeuza mikono yangu juu chini kama mama anayekagua mtoto kabla ya kumsogeza kwenye sinia, kisha akanionyesha bomba la uani.

"Kanawe. Ukirudi tutazungumza habari ya kazi."

"Nimenawa asubuhi, mzee."

"Umenawa kwa ajili ya chai. Sasa nawa kwa ajili ya vitabu."

Nikanawa. Nilifanya kazi ya maktaba miaka thelathini na mmoja, na hakuna siku niliyogusa rafu kabla ya kugusa maji. Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii sasa, mnaotafuta kitabu kwa kubonyeza kidole. Msidhani nawaonea wivu. Labda kidogo tu, hasa nikikumbuka mgongo wangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kitabu kikifika, kwanza kinaandikwa kwenye daftari la mapokezi na kupewa namba yake, namba ambayo hakuna kitabu kingine kitakachoipata mpaka kiama. Kisha unabandika mfuko wa karatasi ndani ya jalada la nyuma, na humo unaweka kadi ya kitabu. Msomaji naye ana kadi yake yenye jina. Akiazima, kadi mbili zinakaa pamoja kwenye kisanduku chetu, akirudisha, zinaachana. Kati ya kurudisha na kuachana kuna kitu kinaitwa ukaguzi. Unafungua ukurasa mmoja mmoja kutafuta machozi ya mshumaa, alama za mchuzi, kurasa zilizokunjwa masikio na, balaa kuliko yote, maandishi.

"Kitabu hakiandikwi," Mkutubi wa Mkoa alituambia kila Jumatatu. "Anayeandika kwenye kitabu cha wote amejifanya ndiye mwenyewe."

Aliniambia pia namna ya kufuta. Kwanza kifutio laini, unakipeleka upande mmoja tu, hukirudishi. Kisha unachukua sehemu laini ya mkate, unaifinyanga kidonge, unakizungusha polepole mpaka ukurasa unarudi ulivyokuwa. Wenzangu walikuwa wanaharakisha wanatoboa karatasi. Mimi nilikuwa hodari. Mkutubi wa Mkoa aliwahi kuwaita wote waone ukurasa niliousafisha, akawauliza maandishi yalikuwa wapi, na hakuna aliyejua. Nilitembea kwa maringo wiki nzima.

Mwaka wa tano nilihamishiwa Kilwa Masoko kusimamia masanduku ya shule. Hii ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote. Tulikuwa na masanduku ya mbao yenye vishikio vya chuma, kila moja limejaa vitabu vya hadithi, na Landrova ya kijani iliyoendeshwa na dereva asiyependa maneno mengi. Somanga, Njinjo, Kipatimu, na shule nyingine nyingi katikati. Sanduku linakaa shule moja muhula mzima, kisha tunalichukua na kuacha lingine. Barabara ya kupanda Kipatimu wakati wa masika haikuwa na adabu hata kidogo, na zipo siku ambazo sanduku lilimaliza safari kichwani kwangu. Lakini lilifika. Na kabla ya kufungua kifuniko, niliweka ndoo ya maji na kipande cha sabuni mbele ya darasa, watoto wakanawa mmoja mmoja, nami nikakagua viganja mbele na nyuma.

Basi huko Masoko alikuwepo Bwana Karim, mwenye duka la vitambaa, ambaye babu zake walitoka Bara Hindi. Siku moja aliniita dukani akanipa bonge la kitabu lenye jalada jekundu, tafsiri ya Kiswahili ya hadithi ya Kiingereza iliyosifika sana enzi za ukoloni. *Hazina ya Korongo*. Ni hadithi ya Fredi na dada yake Eliza, watoto wa Kizungu, wanaosafiri bara kutafuta sanduku la vito aliloficha mjomba wao, pamoja na mpagazi mmoja mweusi anayewabebea mizigo.

"Baba yangu alikipenda," Bwana Karim aliniambia. "Alikisoma akicheka. Mimi nimo humo, unajua? Sura ya tatu. Mhindi mwenye duka, anaiba kwenye mizani, anasugua viganja. Mimi sikucheka."

"Ni hadithi tu, Bwana Karim."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Wewe unacheka upesi."

Nilidhani ananisifu. Nikakipokea, nikakipa namba, nikakibandikia mfuko, kikaingia kwenye sanduku.

Sasa nieleze jambo moja ili mnielewe. Kwenye Kiingereza, yule mpagazi anaongea Kiingereza kibovu. Mfasiri, ambaye jina lake halikuwekwa, akaona atafsiri na ubovu wenyewe. Kwa hiyo Fredi na Eliza, waliotoka Ulaya juzi, wanaongea Kiswahili safi kuliko shehe, na mpagazi anaongea hivi: "Bwana mdogo, mimi iko jinga, mimi potea njia." Jina hana. Watoto wanamwita Gunia, na kitabu nacho kinamwita Gunia mpaka mwisho. Na ukurasa wa kwanza unasema Gunia ni mwenyeji wa Kilwa.

Mtu wa Kilwa, hajui Kiswahili! Mimi mzaliwa wa Kivinje nililisoma hilo na halikunigusa. Nilichoona ni nafasi ya kuonyesha kipaji changu, maana nilikuwa na sauti nyingi, na sauti ya Gunia ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Niliitoa puani, magoti yakitetemeka, macho nimeyatoa. Watoto walianguka chini kwa kicheko. Walimu wa madarasa mengine waliacha vipindi vyao wakaja kusimama madirishani. Landrova ikionekana tu kwenye kona, shule nzima inapiga kelele: "Gunia! Gunia kaja!" Mimi ndiye niliyekuwa Gunia. Nilipunga mkono dirishani, na vitabu viliazimwa kuliko wakati wowote.

Kipatimu kulikuwa na msichana wa darasa la tano, Atanasia, mtoto wa wakulima wa huko milimani, aliyeongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kimatumbi. Alikuwa anamaliza sanduku zima kabla ya muhula kwisha. Siku niliyosoma *Hazina ya Korongo* darasani kwao, yeye peke yake hakucheka. Nilipomaliza alinyoosha mkono.

"Shikamoo, bwana vitabu."

"Marahaba."

"Huyu mpagazi katoka wapi?"

"Si umesikia? Kilwa."

"Mbona kama si mtu wa Kilwa?"

Darasa likacheka, nami nikacheka nao. Nikamwambia kama anataka kujua zaidi, akiazime mwenyewe. Akakiazima.

Muhula ulipokwisha sanduku likarudi Masoko, nami nikaketi kufanya ukaguzi. Nilipofungua *Hazina ya Korongo* nilihisi damu imenipanda kichwani. Kitabu kizima kilikuwa kimeandikwa kwa penseli! Kila mahali Gunia alipoongea, maneno yake yalikuwa yamekatwa mstari, na juu yake yameandikwa mengine kwa mwandiko mdogo uliosimama vizuri. Mtu alikuwa amekisahihisha kitabu kama mwalimu anavyosahihisha daftari la mtoto mzito. Sikusoma kilichoandikwa. Nataka mlielewe hili, kwa sababu ndilo kosa langu: nilikagua maandishi ya kitabu kizima bila kusoma hata neno moja. Niliona uchafu, nikatafuta aliyechafua.

Safari iliyofuata nilisimama mbele ya darasa lile nikakiinua kitabu juu.

"Nani kaandika humu?"

Atanasia alisimama hapo hapo. Hakusubiri kutajwa.

"Kitabu hakiandikwi! Kwa nini umeharibu kitabu cha serikali?"

"Sikuharibu, bwana vitabu. Nimesahihisha. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya wapima ardhi. Haongei hivyo."

Mngekuwa ninyi mngeuliza anaongeaje. Mimi nilimwambia alete kadi yake ya msomaji. Akaileta, kaifunika kwa karatasi ya daftari isichakae. Niliipiga muhuri wa IMEFUTWA mbele ya wenzake wote, nikaisukumiza kwenye mfuko wa kitabu kuwa ushahidi. Mtoto mmoja nyuma akasema kwa sauti ya puani, sauti yangu mimi, "Mjukuu wa Gunia," na darasa likalipuka. Atanasia akakaa chini akatazama dawati. Nilifunga sanduku nikaondoka, na njiani dereva, ambaye kwa kawaida alikuwa haongei, alisema neno moja tu: "Umemkomoa." Nikamjibu kwamba sheria ni sheria.

Nilimaliza siku tatu nikifuta. Kifutio upande mmoja, kisha mkate. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na niliporudi Lindi kwa kikao nilimpelekea Mkutubi wa Mkoa aione. Akaitazama kwenye mwanga akatikisa kichwa kwa furaha. "Wewe ni fundi," alisema. Mwaka uliofuata nikapandishwa kuwa Mkutubi Msaidizi na kurudishwa Lindi, masanduku akapewa mwingine. Sikumwona tena yule binti.

Miaka ikaenda. Nikapanda, nikasimamia wengine, nikawa mimi ninayekagua mikono ya wageni siku ya kwanza. Karibu na kustaafu kwangu alikuja Mkutubi wa Mkoa mpya, mama mmoja kijana mwenye akili kali, akaagiza tupitie rafu tuondoe vitabu vilivyopitwa na wakati. Kwenye orodha yake *Hazina ya Korongo* kilikuwa cha pili. Nilikwenda ofisini kwake nikiwa nimevimba.

"Mama, hiki kitabu kimewafundisha watoto wa pwani yote hii kupenda kusoma."

"Kimewafundisha kitu kingine pia, mzee."

"Kipi?"

"Umekisoma lini mara ya mwisho?"

Nilimwambia nakijua kwa moyo. Hakubishana nami. Alikipiga muhuri wa KIMEONDOLEWA, akanipa nikichukue nyumbani kama kumbukumbu. Nilikichukua kwa hasira, na kwa siku nyingi nilimsimulia kila aliyenisikiliza kwamba vijana wa siku hizi wanaogopa vitabu.

Nilistaafu nikajenga Somanga, karibu na barabara kuu. Asubuhi moja mwaka jana nilikaa barazani nikaona nikisome kitabu changu nicheke kama zamani. Jua lilikuwa bado liko chini, likiupiga ukurasa kwa ubavu. Nikafika Gunia anaposema amepotea njia, nikaandaa na sauti. Ndipo nikaona kwamba juu ya mstari ule karatasi ina makovu. Weusi wa penseli nilikuwa nimeuondoa wote, lakini mkono wa mtoto ulikuwa umekandamiza, na alama zake zilibaki kwenye karatasi. Nikakiinamisha kitabu kwenye jua. Mahali penye "mimi iko jinga, mimi potea njia," Atanasia alikuwa ameandika: "Njia si hii, mwanangu. Nilikwambia tangu asubuhi."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akatoka ndani kuuliza kuna nini. Kisha nikarudi ukurasa wa kwanza, nikaendelea kukiinamisha, na kicheko kikaniisha. Neno Gunia lilikuwa limekatwa, na juu yake alikuwa ameandika "Mzee Mbonde." Nikatoa kadi iliyokuwa imekaa mfukoni mwa kitabu miaka yote ile. Atanasia Mbonde. Alikuwa amempa jina la babu yake.

Mahali pamoja pa mwisho. Kwenye korongo anatokea simba, na kitabu kinasema: "Gunia akautupa mzigo." Anakimbilia mtini akilia, na Fredi ndiye anayemkabili mnyama. Hapo Atanasia hakuandika neno juu yake. Alikuwa amekata herufi moja tu, ile P, kwa nguvu hata karatasi ikaingia ndani. "Akautua mzigo." Anayetupa mzigo anakimbia. Anayeutua ameamua kusimama. Mimi nilikuwa nimesoma mstari ule mbele ya mamia ya watoto kwa magoti yanayotetemeka, na mtoto wa miaka kumi na moja aliurudishia heshima kwa kuondoa herufi moja, nami nikamnyang'anya kadi. Niliona aibu, sijui niiseme vipi. Niliona aibu hadi nikashindwa kula mchana.

Nikaanza kuulizia. Dereva wangu wa zamani, ambaye bado yu hai na bado haongei sana, alijua. Atanasia ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko upande wa Njinjo. Nikapata namba yake, nikakaa na simu mkononi muda mrefu, nikapiga.

"Mwalimu Atanasia? Mimi ni yule wa maktaba. Wa masanduku."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nina kitabu chako."

"Changu kipi? Kitabu hakiandikwi, babu. Basi hakiwezi kuwa changu."

Nikamwambia nataka kuja kumwomba radhi mbele ya darasa, maana nilimwaibisha mbele ya darasa, na kwamba akisema nisije, sitakuja.

"Ijumaa kipindi cha mwisho darasa la sita wana usomaji," alisema. "Njoo nacho."

Nimesimama mbele ya mawaziri wakikagua maktaba na sikutetemeka. Ijumaa ile magoti yalitetemeka yenyewe, bila kuigiza. Watoto waliinuka wote: "Shikamoo, babu!" Mwalimu Atanasia, mama wa makamo mwenye miwani na chaki hadi kwenye viwiko, alikaa dawati la nyuma kabisa. Niliwaambia watoto kila kitu, kadi, muhuri, mkate na yote. Nikawasomea kwanza kama kilivyochapishwa, kwa sauti yangu ya kawaida, bila kuigiza. Mmoja au wawili walicheka, kisha wakanyamaza wenyewe. Msichana wa mbele akauliza, "Babu, huyu mtu wa Kilwa hajui Kiswahili?" Nikamwambia swali hilo limeulizwa zamani, na jibu lake liko humu humu.

Nikaanza upya, sasa nikisoma maneno ya Mzee Mbonde, kitabu nimekiinamishia dirishani. Yalikwenda vizuri. Walicheka aliposema njia si hii, lakini safari hii walimcheka Fredi. Tukafika korongoni. Nikasoma, "Mzee Mbonde akautua mzigo," na darasa likatulia. Kisha ikaja kauli yake mbele ya simba, pale Gunia anapolia mtini, mahali ambapo nyumbani aibu haikuniacha nifike, na hapo nikakwama. Niligeuza kitabu huku na huku. Hapakuwa na alama. Hapo ndipo nilipofuta vizuri kuliko kwingine kote, ukurasa ule ule niliompelekea Mkutubi wa Mkoa akaniita fundi.

"Samahani wanangu," nikasema. "Hapa siwezi kusoma. Nilipafuta mwenyewe."

Watoto walikuwa wanangoja, na simba yuko mbele ya Mzee Mbonde. Ndipo sauti ikatoka nyuma, taratibu, ya mtu asiyehitaji kitabu.

"Kaeni nyuma yangu. Msimpe mgongo, na msikimbie. Mnyama huyu ananijua, nami namjua. Tutapita sote."

Vichwa vyote viligeuka. Mwalimu Atanasia alikuwa amesimama. Yule msichana wa mbele akauliza, "Wakapita?" na mwalimu wake akamjibu, "Wakapita."

Nikamfuata hadi dawati la nyuma. Nikamwekea mbele kitabu, na juu yake kadi yake, na juu ya kadi penseli niliyokuwa nimeichonga asubuhi. Nikamwambia mbele ya darasa lake kwamba kadi ile niliifuta kwa kosa langu, na kwamba namwomba ayarudishe yote niliyoyaondoa, kuanzia jina.

Vijana wa kazi hii, mtataka kujua nasimamia wapi. Vitabu kama kile, msivifiche na msivisome nilivyovisoma mimi. Na mkifanya ukaguzi, someni kabla ya kufuta.

Atanasia aliitazama penseli, akaisogeza pembeni, akachomoa kalamu ya wino kwenye mfuko wa gauni lake.

"Penseli inafutika, babu."

"Tumia wino, mwanangu."

Alifungua jalada jekundu, kisha akasita. Akaigeuza mikono yake mbele na nyuma, akaona ile chaki yote.

"Subiri," akasema. "Kwanza nikanawe."

Akatoka nje kwenye ndoo. Niliyasikia maji yakimwagika, nami nikaketi kwenye dawati lake dogo na kitabu kimefunguka mapajani, nikimsubiri, na katika miaka yote thelathini na mmoja sikuwahi kujivunia kazi yangu kama dakika ile.